Bastola ya Rafiki Ndani ya Gari: Mwanao Aliye Chuoni Marekani Ajihadhari

CHUKULIA, msomaji, kwamba kijana wako anasoma katika chuo kikuu kimoja huko Texas, Marekani. Ni Jumamosi asubuhi. Ana mgeni wa kumpokea uwanja wa ndege naye hana gari. Mwenzake wanayelala chumba kimoja, Mmarekani mpole asiye na neno na mtu, anamrushia ufunguo. Chukua langu, amwambia, ila ulirudishe lina mafuta.

Kijana anateremka hadi kwenye maegesho ya bweni, anafungua mlango, anaketi. Kioo kina ukungu. Anafungua kijisanduku cha dashibodi akitafuta kitambaa cha kufutia, na mkono wake unagusa kitu kizito, kibaridi. Ni bastola.

Anampigia mwenzake simu mbio mbio. Mwenzake anacheka. "Ah, hiyo? Usihangaike. Nina leseni. Sheria ya hapa inaniruhusu kuiweka garini."

Na kweli inamruhusu. Mmarekani yule hakusema uongo hata chembe. Lakini je, kijana wako akiwasha gari lile na kulitia barabarani, sheria inamtazama yeye kwa jicho lile lile? Hapo ndipo penye mtego, na ni mtego ambao wengi wa vijana wetu huenda nao uso kwa uso bila kujua kwamba upo. Familia imeuza ng'ombe, imekata kipande cha shamba, imefanya harambee mbili tatu ili mtoto apande ndege. Amefundwa kuhusu baridi, karo na marafiki wabaya. Kuhusu bastola ya rafiki mwema hakuna aliyemwambia lolote.

Sababu ya ukimya huo si ngumu kuiona. Hapa kwetu swali lenyewe la mwanafunzi kuweka bastola garini katika bewa la chuo lingesikika kama mzaha. Nchini Kenya bunduki humilikiwa kwa cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti hicho ni hisani ya serikali wala si haki ya mwombaji. Ni lazima utoe sababu ya kuridhisha, uchunguzwe, na hata ukishapewa unatakiwa uitunze silaha yako mahali salama ambapo asiyeruhusiwa hawezi kuifikia. Mnamo Desemba 2018 raia wote wenye bunduki waliamriwa wajitokeze kupigwa msasa upya. Katiba yetu ya 2010, pamoja na wingi wa haki zilizoorodheshwa humo, haina kifungu kinachompa mtu haki ya kubeba bunduki.

Marekani mambo yamegeuka juu chini. Marekebisho ya pili ya Katiba yao, yaliyopitishwa mwaka wa 1791, yanataja haki ya watu kuwa na silaha. Mwaka wa 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, ingawa ikatahadharisha kwamba uamuzi wake haukukusudiwa kutilia shaka marufuku ya bunduki katika mahali kama shule na majengo ya serikali. Mwaka wa 2022 mahakama hiyo hiyo ikaipeleka haki hiyo nje ya nyumba, hadi barabarani. Kufikia 2024 majimbo 29 kati ya 50 yalikuwa yakimruhusu mtu mzima asiye na doa kubeba bastola hadharani hata bila leseni.

Basi ndani ya nchi ya namna hiyo, chuo kikuu ni kisiwa. Vyuo vingi havitaki bunduki madarasani wala bwenini. Lakini mwanafunzi au mfanyakazi anatoka nyumbani na bastola yake, barabara anayopita ni halali kuwa nayo, kisha anafika langoni mwa chuo. Aiweke wapi? Swali hilo dogo la maegesho limewapeleka watu mahakamani mara nyingi kuliko unavyoweza kudhani.

Chimbuko la ugomvi wenyewe halikuwa chuoni, bali kiwandani. Mwaka wa 2002, katika mji mdogo wa Valliant, jimbo la Oklahoma, kampuni moja yenye kiwanda cha karatasi ilileta mbwa wa kunusa kwenye maegesho ya wafanyakazi. Bunduki zilipatikana garini na wenye magari wakafutwa kazi. Ni eneo la wawindaji, na watu walipandwa na hasira. Mnamo 2004 bunge la Oklahoma likatunga sheria ya kumzuia mwajiri kupiga marufuku bunduki zilizofungiwa ndani ya magari ya wafanyakazi. Waajiri walikwenda mahakamani kuipinga wakashindwa kwenye rufaa mwaka wa 2009. Majimbo mengine yakaiga, moja baada ya jingine, kila moja likiandika yake kwa namna yake. Hoja ni kwamba gari la mtu ni kama kijumba chake kinachotembea, na mwenye uwanja hana ruhusa ya kuingiza mkono humo.

Kisa ambacho ningependa ukifahamu vizuri kilitokea Kentucky. Mwaka huo huo wa 2009, mtu mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Kentucky na papo hapo mfanyakazi katika hospitali ya chuo hicho, alishukiwa na wenzake kwamba ameficha bunduki katika kabati lake la kazini. Kabati likapekuliwa, hamkuwa na kitu. Naye, kwa unyofu ambao pengine aliujutia baadaye, akasema ana bastola, lakini imo garini, na gari liko kwenye maegesho ya chuo. Akaongeza kwamba ana leseni ya kubeba silaha. Polisi wa chuo waliandamana naye hadi kwenye gari na kuikuta kama alivyosema. Alifutwa kazi, kwa kuwa kanuni za chuo zilikataza silaha popote katika ardhi yake.

Alishtaki. Mahakama ya kwanza ikakiunga mkono chuo: sheria ya Kentucky inavipa vyuo vikuu mamlaka ya kudhibiti silaha katika ardhi yao, basi kwisha. Alikata rufaa, na mnamo Aprili 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikageuza uamuzi. Majaji walisema kwamba sheria nyingine ya jimbo hilo hilo inatamka waziwazi kwamba hakuna mtu wala shirika, la umma au la binafsi, litakalomkataza mtu kuweka bunduki ndani ya kisanduku cha gari lake. Mamlaka ya chuo, walisema, yanakomea penye mlango wa gari.

Ushindi, sivyo? Lakini hesabu miaka, msomaji. Kutoka 2009 hadi 2012 ni miaka mitatu, na huyo alikuwa na leseni mkononi na sheria upande wake. Mtu wa nyumbani anaweza kukaa miaka mitatu akisubiri haki itendeke. Mgeni ambaye ruhusa yake ya kuishi nchini inategemea kuwa darasani muhula hadi muhula hana hata miezi mitatu ya kusubiri. Nitalirudia jambo hili.

Mwaka uliofuata, 2013, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha North Florida aliyetaka kuacha bastola garini alipokuwa darasani alishinda katika mahakama ya rufaa ya Florida. Hoja iliyomwokoa ilikuwa nyembamba kama uzi: sheria ya Florida iliziruhusu wilaya za elimu kukataza bunduki garini, na mahakama ikasema chuo kikuu si wilaya ya elimu. Mwaka huo huo Texas nayo haikungoja mahakama. Ilitunga sheria kwamba chuo, kiwe cha umma au cha binafsi, hakiwezi kumkataza mwanafunzi mwenye leseni kufungia bastola ndani ya gari lake lililoegeshwa chuoni. Kuanzia Agosti 1, 2016, Texas ikaenda mbali zaidi na kuruhusu wenye leseni kuingia na bastola zilizofichwa hata ndani ya majengo ya vyuo vikuu vya umma. Siku hiyo ilikuwa miaka 50 kamili tangu mtu mmoja apande juu ya mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na kuanza kuwamiminia watu risasi. Sijui waliopanga tarehe walikuwa wakitazama kalenda ya namna gani.

Usidhani lakini kwamba Marekani yote ni Texas. Vuka mpaka wa jimbo na ulichokuwa ukifanya kihalali asubuhi kinakuwa kosa la jinai jioni. New York inahesabu kuwa kosa kuwa na bunduki katika ardhi ya chuo bila idhini ya maandishi ya chuo chenyewe, na tangu Septemba 2022 anayeacha silaha garini kokote katika jimbo hilo sharti aitoe risasi na kuifungia ndani ya kasha salama lisiloonekana kwa nje. Illinois inakataza bastola ndani ya vyuo, lakini sheria yake ya 2013 inamwachia mwenye leseni nafasi ya kuifungia garini, ndani ya mfuko au kasha, isionekane. Colorado ni mfano wa jinsi mambo yanavyogeuka. Mwaka wa 2012 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilikinyima chuo kikuu cha jimbo uwezo wa kuwakataza wenye leseni. Mwaka wa 2024 wabunge wakapitisha sheria ya kuzuia tena bunduki vyuoni, na tangu Januari 2025 bastola iliyoachwa ndani ya gari lisilo na mtu sharti iwe katika kasha gumu lililofungwa kwa kufuli. 

Makasha hayo hayakuja kwa ubishi tu. Wezi wa magari wamejua siri. Wanajua kwamba nje ya uwanja wa mpira au maegesho ya chuo, penye magari mia tano, hakosekani mmoja aliyeacha bastola chini ya kiti. Wanavunja kioo, wanaondoka nayo, na wiki ijayo imo mikononi mwa mhalifu mtaa wa pili. Hata mtetezi mkubwa wa haki ya silaha atakubali, ukimbana faraghani, kwamba gari ni kabati bovu la kuhifadhia bunduki.

Juu ya sheria hizo za majimbo ipo nyingine ya nchi nzima, ambayo wenye leseni wengi huisahau. Mwaka wa 1990 bunge la Washington lilikataza bunduki katika eneo la shule na futi 1,000 kulizunguka, yaani kama mita 300. Mnamo 1995 Mahakama ya Juu iliibatilisha katika kesi ya mwanafunzi wa sekondari wa San Antonio, na mwaka uliofuata bunge likairejesha ikiwa imerekebishwa. Shule hapo ni msingi na sekondari, si chuo kikuu. Lakini vyuo vingi vimezungukwa na shule, na barabara ya kuelekea langoni hupita karibu nazo. Mwenye leseni amesamehewa, ila leseni iwe imetolewa na jimbo lile ambamo shule hiyo imo. Asiye nayo, bunduki yake iwe haina risasi na imefungiwa ndani ya kasha. Leseni ya jimbo la jirani haimkingi, hata kama polisi wa hapo wanaiheshimu kwa mambo mengine.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya Mmarekani. Sasa turudi kwa kijana wako aliyeketi ndani ya gari la watu.

Sheria ya nchi nzima inayodhibiti silaha huko ina orodha ya watu wasioruhusiwa kugusa bunduki wala risasi. Wamo waliopatikana na hatia ya makosa makubwa, wamo watoro wa sheria. Na wamo pia wageni wawili wa aina tofauti: aliye nchini kinyume cha sheria, na aliyeingia kihalali kabisa kwa viza ya muda. Viza ya mwanafunzi, ile iitwayo F-1 ambayo vijana wetu wengi hupewa, ni viza ya muda. Kwa hiyo mwanao mwenye alama za A, aliyelipa karo yote na asiyewahi hata kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, amekaa katika orodha moja na hao wengine. Adhabu, tangu ilipoongezwa mwaka wa 2022, inaweza kufika kifungo cha miaka 15. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu hayumo katika orodha hiyo kwa sababu ya ugeni wake, na ndiyo maana binamu aliyekaa Dallas miaka ishirini anaweza kumshauri mwanao vibaya bila nia mbaya. Anaongea juu ya sheria inayomhusu yeye.

Neno linalotumika katika sheria ni kuwa na silaha, si kuimiliki. Tofauti hiyo ni kubwa. Bastola inaweza kuwa ya rafiki, ikawa na karatasi zote, na bado ukahesabiwa kuwa nayo wewe. Kiongozi wa mashtaka akithibitisha kwamba ulijua imo garini, na kwamba ilikuwa katika uwezo wako na ulikusudia kuidhibiti, si lazima ikutwe mkononi. Abiria aliyepewa lifti asiyejua kilichomo chini ya kiti yuko mbali na hatari hiyo. Dereva aliyefungua kijisanduku, akaiona, akakifunga na kuondoa gari, amejiweka mahali ambapo atalazimika kujieleza. Pengine atajieleza vizuri na kuachiliwa. Lakini atakuwa anajieleza mbele ya askari, kando ya barabara kuu, kwa lafudhi ya kigeni.

Mlango mmoja upo, na ni vyema niutaje kwa sababu vijana huambizana. Sheria inamwondoa katika orodha mgeni wa muda aliye na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, au aliyekuja kwa ajili ya kuwinda au michezo ya shabaha. Leseni hiyo hupatikana kwa urahisi katika majimbo mengi, na wapo wanaodhani kwamba ukiwa nayo mfukoni umemaliza kila kitu. La hasha. Inaondoa zuio moja tu, tena kabla haijaisha muda. Haikupi leseni ya kubeba bastola iliyofichwa, haikufungulii maegesho ya chuo ambacho kanuni zake zinakataza, wala haimzuii mkuu wa wanafunzi kukuita ofisini.

Huo wito wa ofisini ndio unaonitia hofu kuliko polisi wenyewe. Mmarekani akivunja kanuni ya chuo kuhusu silaha anaweza kusimamishwa, akarudi kwao, akafanya kazi ya duka mwaka mmoja, kisha akahamia chuo kingine. Mwanafunzi wa kigeni akifukuzwa, chuo kinatakiwa kuijulisha serikali kupitia mtambo wa kompyuta wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na karatasi yake ya I-20 inapoteza nguvu. Kwa hatua hiyo moja mtu anaweza kujikuta amehama kutoka kwa mgeni halali na kuwa mgeni haramu.

Hayo si maneno ya kutishia watoto. Kijana mmoja kutoka Muungano wa Falme za Kiarabu alikwenda Florida kwa viza ya mwanafunzi. Masomo yakamshinda, chuo kikamwondoa na kumwarifu kwamba asipohamia kwingine au kuondoka nchini atapoteza ruhusa ya kukaa. Alibaki. Siku moja akaenda kwenye uwanja wa kulengea shabaha, mahali pa biashara halali ambapo watu huenda kujifurahisha kama hapa tunavyokwenda kucheza dati, akafyatua risasi kwa silaha mbili. Alikamatwa, akashtakiwa kuwa na silaha hali yumo nchini kinyume cha sheria, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mnamo Juni 2019 iliamua kwa majaji saba dhidi ya wawili kwamba serikali ilipaswa kuthibitisha pia kwamba alijua hali yake ya ukaazi imebadilika. Ni uamuzi uliowapa nafuu wengi. Hata hivyo, kijana huyo tayari alikuwa amehukumiwa kama mhalifu kwa kulenga shabaha.

Na nyuma ya kifungo kuna ndege ya kurudi. Sheria za uhamiaji za Marekani zinahesabu kupatikana na hatia ya kosa la silaha kuwa sababu ya kumfukuza mgeni nchini, hata yule mwenye ukaazi wa kudumu.

Basi mzazi, unapozungumza na mwanao kwa simu Jumapili hii, baada ya kuuliza ikiwa amekula, muulize gari la nani analopanda. Asione haya kumuuliza rafiki kabla ya kupokea ufunguo: mna silaha humu? Huko ni swali la kawaida, wala hakuna atakayeudhika. Jibu likiwa ndiyo, rafiki aitoe mwenyewe na kuihifadhi kwake kabla gari halijaondoka. Mwanao asiiguse kumsaidia, wala asiseme atamwekea chumbani. Akiikuta akiwa amekwisha kuketi, kama yule wa kisa chetu, atoke, afunge mlango na kumwita mwenyewe aje. Kanuni za silaha za chuo zimo katika kitabu cha mwanafunzi ambacho hupewa wiki ya kwanza na ambacho wengi hawakifungui. Azisome hizo hata kama hatasoma ukurasa mwingine. Akiwa na swali lisilojibiwa humo, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ipo kwa kazi hiyo, na kama jambo limekwisha kuharibika, asiseme neno kwa askari kabla ya kupata wakili anayejua sheria za jinai na za uhamiaji kwa pamoja.

Mgeni wa uwanja wa ndege atachelewa kupokewa saa moja. Aambiwe anywe chai, teksi zipo.